Pikipiki Yenye Mkono wa Cherehani

Ukifika Kalemie ukamsikia mtu anasema Mama Godelieve ana kichwa kigumu, usibishe. Ni kweli tupu. Mimi ninayewasimulia nimemuona kwa macho yangu akigombana na boliti moja yenye kutu tangu asubuhi hadi kengele ya saa sita, na boliti ndiyo iliyoshindwa. Lakini wanaosema hivyo hawamalizi habari. Hawasemi kile kichwa kigumu kilimpeleka wapi. Basi nitamaliza mimi.

Godelieve ni fundi cherehani, mjane, ana miaka arobaini na saba. Alipokuwa mtoto wa miaka minne polio ilimpitia, ikamuachia mguu wa kulia, wa kushoto ikaenda nao. Mguu upo, unaning'inia, ila kazi haufanyi. Anatembea na gongo moja refu la mti wa mkusu. Mumewe, Fidèle, alikuwa fundi wa pikipiki. Garaji yake ilikuwa palepale nyumbani, mabati sita juu ya nguzo nne nyuma ya jiko, na kwa miaka kumi na minane hao wawili walifanya kazi pamoja: Fidèle kachuchumaa chini na mafuta mpaka kwenye nyusi, Godelieve kwenye benchi na cherehani yake, akishona sare za shule. Fidèle akisema, "Gode, nipe funguo ya kumi," alipewa spana hiyo bila kuangaliwa. Injini ya mtu ikiingia inalia vibaya, Godelieve anasema huku anaendelea kushona, "Hiyo ni valvu." Na ni valvu kweli.

Fidèle alifariki miaka mitano iliyopita. Ini lilimuuma siku kumi na moja tu, basi. Aliacha mke, binti mmoja, sanduku la vyombo vya kazi, na mizoga miwili ya pikipiki ambayo wenyewe hawakurudi kuichukua. Mizoga ilikaa pale chini ya mabati. Kuku walipanda wakataga kwenye kiti.

Sasa, kilichomchoma Godelieve si mguu. Mguu alishauzoea, unamjua naye anaujua. Kilichomchoma ni siku moja tu, na hiyo siku lazima niieleze vizuri.

Kwetu mwanamke akijifungua, siku ya kutoka maternite, hospitali ya wazazi, ni sikukuu. Anavaa kitenge kipya, anapakwa poda nyeupe shingoni na usoni, ndugu wanaimba, wenye pikipiki wanapiga honi tangu geti la maternite hadi nyumbani ili mtaa wote ujue mtoto ameingia. Na anayekwenda kumtoa binti ni mama yake mzazi. Yeye ndiye anayefungua poda. Ndivyo tulivyowakuta wakubwa wetu wakifanya.

Princesse, binti yule mmoja wa Godelieve, alipojifungua mtoto wa kwanza, zilikuja pikipiki tatu. Moja ya Princesse na mtoto, moja ya godoro na beseni, ya tatu ya bibi. Lakini mabibi walikuwa wawili! Godelieve, na Mama Mado, mamaye Israël, mume wa Princesse. Mama Mado si mtu mbaya, nisimsingizie. Ni mtu wa haraka, na haraka yake humkanyaga aliye karibu. Aliangalia gongo, akaangalia pikipiki, akasema, "Mama Princesse, weye baki tu. Kukupandisha, kukushusha, tutachelewa. Sisi tutakuletea mutoto hapahapa."

Godelieve akabaki. Alisimama getini kwake amevaa libaya, blauzi yake ya bluu, kopo la poda mkononi, akisikia honi kwa mbali kule mlimani. Walipofika, poda ilikuwa imeshapakwa. Mama Mado alikuja na kopo lake. Kopo la Godelieve halikufunguliwa. Alilirudisha ndani, akalitia kwenye sanduku la vyombo la Fidèle, katikati ya funguo.

Iliuma, jamani. Alimshika mjukuu, akacheka na watu, akagawa chai na mikate. Hakumwambia mtu.

Ikapita miaka mitatu. Mwaka jana, mwezi wa saba, Princesse akaja Jumapili baada ya misa, akakaa jikoni, akasema, "Mama, niko na mimba tena. Miezi mitatu."

Godelieve akamkumbatia, akamlisha ugali na samaki, akamsindikiza mpaka getini. Kisha akaenda nyuma ya jiko, akafukuza kuku kwenye kiti cha pikipiki. Alikuwa amebakiwa na miezi sita.

Mtu wa kwanza kupinga alikuwa Gauthier, mdogo wake, ambaye ni taximan wa pikipiki na anajiona ndiye baba wa barabara zote za Kalemie.

"Yaya Gode," alisema, maana kwetu yaya ni dada mkubwa, "kama ni kwenda maternite, mimi si niko? Nitakupeleka."

"Na siku hiyo ukiwa na homa?"

"Nitatuma mwenzangu."

"Na Mama Mado akisema nafasi imejaa?"

Gauthier akajikuna kisogo.

"Mimi sitaki kupelekwa, Gauthier. Nimepelekwa miaka arobaini. Nataka kwenda."

"Basi tutafute ile ya magurudumu matatu, yenye sanduku nyuma. Utakaa vizuri."

"Ile ya kubeba mizigo? Weye! Mimi ni mufuko wa sima ya Kabimba?"

Gauthier akamuwazia kama mfuko wa saruji nyuma ya ile pikipiki, akacheka mpaka akashika ukuta, ila alipoacha kucheka alimuona dada yake tayari ameketi chini, anafungua boliti.

Shida ya pikipiki kwa mtu kama Godelieve ni nyepesi kueleza. Gia zinabadilishwa kwa mguu wa kushoto. Mguu wa kushoto ndio hana. Breki ya nyuma ni mguu wa kulia, huo anao. Mkono wa kulia una mafuta na breki ya mbele. Mkono wa kushoto unabana ambrayaji, ile inayotenganisha injini na gurudumu wakati wa kubadilisha gia. Kwa hiyo kila kitu anaweza, isipokuwa kimoja. Na kwa sababu ya kitu kimoja hicho, watu wote wa mji walikuwa wamekubaliana kwamba hawezi chochote. Mwenye miguu miwili ana elimu kubwa sana juu ya mguu wa mwenzake.

Mizoga ilikuwa hivi. Mmoja ulikuwa wa Kihindi: kiunzi kizima, injini imeungua. Wa pili ulikuwa wa Kichina: injini nzuri, tena inayowaka kwa kubonyeza kitufe, lakini kiunzi chake kilikatika mara mbili kwenye njia ya Nyunzu. Godelieve aliamua kuwaozesha. Injini ya huyu, mwili wa yule. Lakini matundu ya boliti hayakukutana, yalipishana vidole viwili mbele na kimoja nyuma. Hapo ndipo alipomuita Papa Banza.

Papa Banza alifanya kazi ya kuunga vyuma karakana ya reli tangu ujana, na sasa ni mzee mwenye mashine yake nyumbani na miwani myeusi anayoisahau kichwani hata kanisani. Alikuja, akazunguka ile ndoa mara mbili, akasema, "Mama, hii kitu haina kipimo."

"Kipimo ninacho."

Godelieve akatoa karatasi ngumu za maboksi ya sabuni. Alikuwa amefanya vile anavyofanya kwa gauni: amepima kwa utepe wa fundi, amechora kwa chaki, amekata kwa mkasi, amejaribisha kwenye mwili, ametoa, amepunguza, amerudisha. Kila bamba la chuma lililotakiwa lilikuwa na mfano wake wa karatasi, na matundu yake, na maandishi, "mbele kushoto," "nyuma kulia."

Papa Banza akashika karatasi moja, akaiweka kati ya injini na kiunzi. Ikakaa.

"Mimi nimeunga behewa miaka thelathini," alisema polepole, "na hakuna muhandisi aliyenishonea chuma namna hii."

Tangu siku hiyo alikuja kila umeme ulipokuja. Na umeme wetu munaujua, unakuja kama shemeji, siku anayotaka yeye. Mabamba alikata kwenye chuma cha zamani cha reli. Kiti walikishusha, Godelieve akakishona upya mwenyewe kwa ngozi ya bandia yenye nyuzi mbili. Kigingi cha kuegeshea, ambacho pikipiki zote zinacho kushoto, wakakihamishia kulia, kwa kuwa yeye anapandia kulia. Mguu wa kushoto ukatengenezewa kibao chake na mkanda, usije ukaburuta. Na kando ya gurudumu la nyuma Papa Banza aliunga bomba la kutia gongo.

Ikabaki gia. Papa Banza akasema hiyo ndiyo rahisi. Akaunga fimbo ya chuma kwenye gia, akaipandisha juu hadi karibu na goti la kushoto. "Badala ya mguu, utavuta kwa mkono. Kwisha."

"Na ambrayaji, Papa? Mkono si ule ule?"

"Ambrayaji ya nini? Muulize Gauthier. Taximan wa Kalemie habani ambrayaji, anaingiza tu."

Na kweli, ndivyo wanavyofanya vijana wetu. Wanasikiliza injini, wanaachia mafuta kidogo, wanapiga gia kwa kisigino, inaingia, tak! Ni ujuzi na ni kiburi. Gauthier mwenyewe aliitikia kwa kichwa, kwa majivuno. Hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka kwamba hiyo ni wakati pikipiki inakimbia. Ikiwa imesimama ni habari nyingine kabisa. Na Godelieve, aliyeijua injini kwa masikio na hajawahi kukaa juu yake, akawaamini.

Jumamosi moja mwezi wa kumi akapanda mbele ya watu. Aliunyanyua mguu wa kushoto kwa mkono, akaupitisha juu ya kiti, akaufunga mkanda. Akabonyeza kitufe, injini ikaitika. Lo, sauti ile! Mtaa mzima ulikuja. Princesse alikuwepo na tumbo lake la miezi sita. Godelieve akashika fimbo, akavuta.

Pikipiki ikaruka kama mbuzi aliyeungua. Ikapita jiko, ikapita kamba ya nguo, ikaingia kwa jirani, Mama Claudine, ambako ndagala, dagaa wa ziwa, walikuwa wameanikwa kwenye nyavu kumi na mbili, na haikusimama mpaka wavu wa kumi. Mwenyewe walimtoa chini ya ndagala, kwenye nywele ndagala, ndani ya libaya ndagala, goti la kulia linatoka damu.

Watu walicheka. Siwezi kuwalaumu, hata mimi nilicheka. Princesse peke yake alikuwa analia. Na Mama Mado, aliyekuja siku hiyo kumtembelea mkamwana wake, alisimama juu ya Godelieve na kusema bila kucheka, "Mama Princesse, tulikuambia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Godelieve akatoa ndagala mmoja sikioni. "La kwangu lilishavunjika zamani, mukwe. Sasa utanitisha na nini?"

Hapo hata Mama Claudine, mwenye hasara, alicheka. Lakini mlango ulipofungwa, Princesse alimshika mama yake mkono. "Mama, acha. Nakuomba. Kama ni kwa sababu yangu, acha. Mimi sitapanda hiyo kitu na mutoto mikononi."

Kicheko cha mtaa mzima hakikumfanya kitu Godelieve. Neno hilo lilimfikia. Kwa wiki mbili hakwenda nyuma ya jiko. Gauthier akafikiri imekwisha, akaanza hata kutafuta mtu wa kununua injini.

Haikuwa imekwisha. Godelieve alikuwa anashona. Cherehani yake kubwa iliharibika katikati ya sare za shule, akashusha kutoka juu ya kabati cherehani ndogo ya marehemu mama yake, ya kuzungusha kwa mkono, yenye kishikio cha mti kilicholainishwa na viganja vya wanawake wawili. Kwa mashine ile, mkono wa kushoto unashika kitambaa, wa kulia unazungusha. Kushoto kunashika, kulia kunafanya kazi. Alishona mshono mmoja. Alipofika mwisho akasimama, mkono wa kushoto umebana kitambaa, wa kulia uko juu ya kishikio.

"Ee Mungu wangu," alisema kwa sauti. "Sisi wajinga!"

Wakati wa kubadilisha gia, mafuta unaachia. Kwa hiyo mkono wa kulia hauna kazi! Kushoto kubane ambrayaji, kulia kuvute gia. Fimbo ilitakiwa iwe kulia. Papa Banza aliiweka kushoto kwa sababu gia ziko kushoto tangu dunia iumbwe, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Papa Banza alipoambiwa alikaa chini kwanza. Akavua miwani. "Mama, unisamehe," alisema. "Nilitengeneza kwa miguu yangu." Kisha akafanya kazi siku tatu: fimbo ikapitishwa chini ya injini, ikatokea kulia, ikapanda kando ya tangi. Godelieve akafungua mkono wa cherehani ya mama yake, na kishikio chake cha mti, akamwambia aunge huo juu ya fimbo. Papa Banza akasita, akamuuliza kama ana hakika, maana hiyo ni kitu ya marehemu.

"Mama alinibeba mugongoni mpaka nina miaka tisa," Godelieve akajibu. "Tia."

Safari hii pikipiki haikuruka. Iliondoka kama mtu anayeinuka kutoka kwenye kiti. Kila jioni alizunguka uwanja wa shule, ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka wachezaji wa mpira wakazoea kumpisha. Gauthier alikuja kuangalia mikono imekunjwa, akaondoka. Siku ya nne ndipo alisema, na alisema neno la maana.

"Yaya, uwanjani ni sawa. Lakini maternite iko mulimani. Ukisimamishwa katikati ya mulima utafanya nini? Sisi tunaweka chini mguu wa kushoto, wa kulia unabaki kwenye breki. Weye utaweka wa kulia. Breki ya mguu imekwenda. Unabaki na ya mukono. Na mukono huohuo ndio wa gia. Ukiuondoa, unarudi nyuma."

Kesho yake Godelieve alikwenda kwenye mteremko mfupi kando ya kanisa, akapanda, akasimama katikati, akaondoa mkono kwenye breki ili aingize gia, na pikipiki ikarudi nyuma ikamlaza kwenye majani. Akainuka. Akajaribu tena, akalala tena. Padri alipita akamsalimia akiwa chini.

Mara ya sita aliona. Kosa halikuwa wakati wa kuondoka, lilikuwa kabla. Mtu mwenye miguu miwili anasimama kwanza, ndipo anafikiri kuondoka. Yeye lazima aingize gia ya kwanza wakati pikipiki bado inatambaa. Akisimama, iwe tayari: kushoto amebana ambrayaji, kulia amebana breki, mguu chini. Akitaka kuondoka, anaachia tu. Kabla hujasimama, uwe umeshaondoka. Hivyo ndivyo alivyomueleza Gauthier, na Gauthier akarudia maneno hayo mara mbili mdomoni kama anaonja chumvi.

Akafanya mteremko ule kila siku, mvua ikinyesha na isiponyesha. Akaanza kufunga nyuma bidoni, madumu ya maji, kwanza moja, kisha mbili, kisha tatu, mpaka uzito ukawa wa Princesse. Bidoni zilipasuka mbili. Mguu wa kulia ukawa na misuli ya mbeba mizigo wa bandarini. Mtaa ukaacha kucheka, wengine kwa kuchoka, wengine kwa aibu.

Princesse alijifungua mwezi wa kwanza, Jumanne, mtoto wa kike. Ijumaa ndiyo siku ya kutoka. Israël, mumewe, alikuwa kazini Kabimba, kwenye kiwanda cha sima. Kwa hiyo zilipanda pikipiki mbili tu: ya Gauthier, amembeba Mama Mado, na ya Godelieve, nyuma yake hakuna mtu. Alikuwa amevaa libaya ile ya bluu. Kopo la poda lilikuwa mfukoni, na gongo kwenye bomba lake.

Getini wauguzi walipiga makofi. Princesse akatoka na kitenge kipya, mtoto amefungwa kwa shuka nyeupe. Mama Mado akashuka, akanyoosha mikono. "Lete mutoto. Mama Princesse amefika, tumemuona, mwanamuke hodari, Mungu ambariki. Lakini mutoto hapandi ile. Weye na mutoto mutakaa na Gauthier, mimi nitatafuta taxi."

Godelieve hakushuka. Miezi sita maneno yake yote yalikuwa yamekwishaingia kwenye chuma. Alimuangalia binti yake tu.

Princesse akaangalia mkono wa cherehani kando ya tangi. Aliujua, alikuwa amecheza nao akiwa mdogo. Akavuta pumzi. "Mama Mado," alisema, "weye shika mutoto, ukae na Gauthier. Mimi nitapanda na mama yangu."

Nusu. Alimpa nusu. Godelieve aliipokea ile nusu, akasema, "Panda polepole. Shika kiuno." Mbele yao Gauthier akaondoka na Mama Mado, mtoto kifuani, beseni limefungwa nyuma, vifurushi huku na huku, anapiga honi kama ametumwa na serikali.

Njia ya maternite inashuka bondeni, halafu inapanda mlima wa pili kabla ya kufika Kataki, mtaa wa Godelieve. Katikati ya mpando huo lori la sima lilikuwa linageuza, limeziba njia yote. Gauthier akafunga breki. Nyuma yake Godelieve alikuwa ameshaliona lori; pikipiki ikiwa bado inatambaa, mkono ulikwenda kwenye kishikio cha mti, ya tatu, ya pili, ya kwanza, ukarudi kwenye breki. Mguu wa kulia ukakanyaga chini. Akasimama, tulii.

Vijana wawili wa kando ya njia wakakimbia. "Mama, tukushike!"

"Musiguse!"

Lori likatoka. Gauthier, kwa mbwembwe, akaongeza mafuta kwa nguvu ili apande na uzito wote ule, na mnyororo wake ukakatika. Pah! Pikipiki ikaanza kurudi nyuma. Mama Mado akapiga yowe moja lililofika ziwani, Gauthier akakanyaga breki, akaburuta miguu yote miwili, beseni likaanguka likabingirika hadi bondeni, na walisimama wamebakiza mkono mmoja kuigonga ya Godelieve. Mtoto hakuamka hata.

Mama Mado akashuka. Akasimama vumbini na mjukuu mikononi. Akamuangalia Gauthier na miguu yake miwili, ameshika mnyororo uliokatika. Akamuangalia Godelieve, ambaye hakuwa amerudi nyuma hata kidole kimoja, injini yake inaongea taratibu, binti yake ameketi nyuma, macho yamemtoka lakini ameketi.

Mama Mado alitembea hatua nne, akamlaza mtoto mapajani mwa Princesse, kati ya mama na bibi, akarekebisha shuka. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Peleka mutoto nyumbani, Mama Princesse."

Godelieve hakugeuka, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. "Toa kopo mfukoni mwangu, fungua. Jipake. Muwekee na mutoto kidogo." Poda ilikuwa imegandamana kwa miaka mitatu, Princesse aliichokora kwa ukucha. Alijipaka shingo. Alimgusa mtoto paji la uso. Halafu Godelieve akasikia vidole vya binti yake shingoni mwake mwenyewe, nyuma, chini ya nywele, vinampaka.

Akaachia ambrayaji. Wakapanda mlima.

Alipiga honi Kataki yote. Mama Claudine akatoka mbio, akaacha ndagala wake, wanawake wakajaa njiani wakiimba, mtoto akapokelewa getini, Princesse akashushwa kama malkia. Godelieve alilia waziwazi, hakujificha, machozi yakadondoka mpaka kwenye libaya.

"Shuka basi, Mama!" Claudine alimvuta mkono. "Leo njo leo! Shuka ucheze!"

Lakini Godelieve hakuzima injini. Alikuwa anaangalia geti, mahali palepale aliposimama miaka mitatu iliyopita na kopo lake, akisikiliza honi za wengine. Akabana ambrayaji, akavuta kishikio.

Mama Mado alikuwa bado kando ya njia, amevaa kitenge chake kipya, beseni lililobonyea miguuni, kopo lake la poda mkononi halijafunguliwa. Gauthier alikuwa amelala chini ya pikipiki yake anatukana mnyororo. Mama Mado alimuona Godelieve anateremka mlima, akafikiri anapita, akasogea pembeni kumpisha.

Godelieve aliingiza ya kwanza, akasimama mbele yake, akaweka mguu chini.

"Panda, mukwe. Wanatungojea."

Mama Mado akaangalia kiti, akaangalia gongo kwenye bomba lake. "Nishike wapi?" aliuliza.

"Nishike mimi."